Mpenzi Aliyekata Jibu la Baba

"Baba, simama tuondoke."

"Kaa chini, Trudy."

"Baba, wanakucheka!"

"Nasikia. Masikio yangu bado mazima. Kaa."

Trudy Wiersma hakukaa. Alibaki amesimama katikati ya ukumbi wa sinema, koti mkononi. Mbele yake, kwenye skrini kubwa kuliko ukuta wa nyumba yao, uso wa baba yake ulijaa kutoka kona hadi kona. Mchungaji Gerrit Wiersma, miaka sitini na sita, aliyebatiza nusu ya watoto wa mtaa wao hapa Grand Rapids, alikuwa pale juu anapepesa macho, midomo inamcheza, hana neno.

Sauti ya mwongozaji wa filamu ndiyo kwanza ilikuwa imemuuliza: "Mchungaji, weka Biblia pembeni. Nje ya kitabu hicho, una ushahidi gani kwamba Yesu alifufuka?"

Kimya. Sekunde tano. Sekunde kumi. Machozi yakamlenga mzee wa kwenye skrini. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo:

"Sijui. Kila siku najiuliza, na sijui."

Papo hapo ukapigwa muziki wa kuchekesha, na ukumbi ukaangua kicheko.

Filamu yenyewe iliitwa *Nani Aliona?* Ilikuwa filamu ya makala inayouliza kama imani ya Kikristo ina msingi wowote katika historia: nani aliandika Injili, aliandika lini, na kwa nini tumwamini. Alhamisi ile alasiri walialikwa wale tu walioshiriki kutengeneza, watu kama arobaini. Jumamosi, saa tisa mchana, ingefunguliwa kwa mji mzima.

Kilichomuuma Trudy hakikuwa maswali. Maswali yale alishawahi kujiuliza mwenyewe, tena akiwa kanisani. Kilichomuuma ni kwamba yeye ndiye aliyembembeleza baba yake akubali kuhojiwa. Na aliyemwomba ambembeleze ni Ansel Pruitt, mhariri wa filamu hiyo, mwanaume aliyempenda miezi minane mizima.

Ansel alikuwa safu tatu mbele yake. Trudy alimtazama kisogo mpaka macho yakamuuma. Kisogo hakikugeuka.

Nje, theluji ya Machi ilikuwa imeyeyuka ikawa tope jeusi. Shangazi Berdina, dada yake mchungaji, alikuwa anatembea haraka kuliko umri wake.

"Yuko wapi huyo kijana wa Kentucky? Yuko wapi? Nilimpa sahani ya pili ya supu ya njegere mimi! Ya pili! Angeniambia tu anakuja kutuchinja, ningempiga kijiko cha mdomoni!"

"Berdina, ingia garini," alisema mchungaji.

"Siingii mpaka nimwone machoni!"

Ansel akatokea mlangoni, uso mweupe kama karatasi.

"Trudy, naomba dakika moja."

"Uliniambia nini jikoni kwetu?" Trudy alimsogelea. "Rudia. Uliniambia nini?"

"Trudy..."

"Uliniambia, 'Baba yako ataonyeshwa kwa heshima.' Ile ndiyo heshima ya kwenu Kentucky?"

"Siyo rahisi kama unavyo..."

"Ulikata wewe, au alikata mwingine?"

Mchungaji akamgusa binti yake begani.

"Twende nyumbani, mwanangu. Maneno yale niliyatamka mwenyewe. Mdomo ni wangu."

Wakaondoka. Njia nzima Trudy hakuelewa kwa nini baba yake, mtu wa hoja, mwenye vitabu vya Kigiriki hadi chooni, alikosa jibu la swali ambalo huwafundisha vijana kila majira ya kuchipua.

*

Ijumaa asubuhi simu ya Trudy haikupoa. Kipande kile kilikuwa kimewekwa mtandaoni kama tangazo la filamu. Watu laki moja walishakitazama. Rafiki yake mmoja akamtumia ujumbe:

"Trudy pole. Wanafunzi wangu darasani leo kila nikiuliza swali wananijibu 'Sijui, kila siku najiuliza.' Mzee anaendeleaje?"

Hakujibu. Alikuwa kazini, ndani ya kinanda. Trudy alikuwa fundi wa vinanda vya kanisani, vile vikubwa vyenye mabomba mamia, ambavyo fundi huingia ndani yake kabisa kama anaingia kabatini. Kazi yake ilikuwa kusikia. Bomba likipotoka unywele mmoja, yeye hulijua. Ndimo alimokutana na Ansel mwaka uliopita: kijana alikuja kanisani kurekodi muziki wa filamu, akaegemea kinanda, kinanda kikamwambia kwa sauti ya Trudy aliyekuwa ndani, "Ondoa kiwiko chako hapo," naye akaruka hadi benchi la tatu. Walicheka siku ile hadi mbavu zikauma.

Sasa hakuna aliyecheka. Trudy alilinganisha mabomba manne, akazima mashine ya upepo ili apumzike. Kanisa likatulia. Akabaki ameshika swichi.

Kimya kile kilikuwa tofauti na kimya cha mashine ikiwa inanguruma chini. Kila chumba kina sauti yake hata watu wasiposema. Na jana mle ukumbini, wakati hasira inamchemka, sikio lake lilikuwa limekwaruzwa na kitu. Kitu gani?

Akachomoa simu, akavaa vipokea sauti, akafungua tangazo. *Mchungaji, weka Biblia pembeni...* Akarudia. Akarudia tena. Mara ya sita, akaanza kucheka peke yake kama mwehu.

Mvua!

Nyuma ya swali la mwongozaji kulikuwa na mvua, mvua nzito ya Oktoba inapiga paa la kanisa. Nyuma ya kimya cha baba yake, hakuna. Si kwamba ilipungua. Haipo kabisa! Mvua ya namna ile haikatiki katikati ya pumzi. Swali ni la saa moja, na machozi yale ni ya saa nyingine!

Alitoka ndani ya kinanda na vumbi lake kichwani, akaendesha gari hadi chumba cha kuhariria cha Ansel bila hata kuvua aproni.

*

"Mvua iko wapi?"

Ansel aliinuka kwenye kiti. "Nini?"

"Corbin anauliza kuna mvua. Baba anajibu hakuna mvua. Nakuuliza wewe fundi wa filamu, mvua ilienda wapi?"

Ansel alimtazama mpenzi wake, vumbi kwenye nywele, macho yanawaka, na mabega yakamshuka. Hakuna mwingine katika mji mzima ambaye angeisikia. Ni huyu tu, na ndiye aliyempenda.

"Nilikata mimi," alisema. "Corbin aliniagiza, lakini mikono ni yangu."

Corbin Haas ndiye aliyekuwa mwongozaji.

"Kwa nini?"

"Alisema jibu la baba yako ni zuri mno. Kwamba linapoza filamu. Akaniambia nitafute pale mzee anapokwama, nipabandike hapo."

"Nawe ukapabandika."

"Nikapabandika."

"Ansel, mimi nakujua. Huwa unarudi dukani ukipewa mkate wa ziada. Usiniambie ni Corbin tu."

Kijana akakaa. Akajishika uso.

"Baba yangu naye ni mhubiri. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilimuuliza mezani, nani hasa aliandika Injili ya Mathayo. Hakunijibu. Aliweka begi langu nje ya mlango. Mpaka leo. Basi siku ile nakata, Trudy, nilikuwa nalitazama lile joho lake la kichungaji... sikumwona baba yako. Nilimwona wangu. Nikasema, leo na wewe kosa jibu mbele za watu."

Trudy alitaka kumshika, akauzuia mkono wake.

"Nionyeshe picha nzima. Nataka nijue baba alikuwa anajibu nini."

"Trudy, labda umuulize mwenyewe..."

"Nionyeshe!"

Akabonyeza. Kwenye kioo baba yake akatokea, mle kanisani, mvua imekwisha, jua linaingia dirishani. Sauti ya Corbin ikauliza: "Ungepewa kumuuliza Mungu swali moja tu, lingekuwa lipi?"

Mzee alikaa kimya. Sekunde tano. Kumi. Machozi yakamlenga. Akasema:

"Mke wangu Hilda, ugonjwa ulimla akili. Wiki tatu za mwisho hakunijua. Alikuwa ananiogopa, anapiga kelele nikiingia. Niliomba anitambue dakika moja tu kabla hajaenda. Moja. Haikuja. Binti yangu nimemwambia mama yake aliondoka kwa amani akiwa amenishika mkono. Ningemuuliza Mungu kwa nini alininyima dakika ile. Sijui. Kila siku najiuliza, na sijui."

Trudy aliziba mdomo kwa aproni. Miaka minne! Miaka minne baba yake amebeba kitu hiki peke yake, anamwandalia chai, anamuuliza habari za kazi, na hajasema.

"Umechukua kilio cha baba juu ya mama," alisema taratibu, "ukakifanya kichekesho."

"Ndiyo."

"Watu laki moja wanamcheka mama yangu, Ansel."

"Najua. Sikulala jana. Sikiliza, faili la kesho ninalo mimi, ndiye ninayepeleka ukumbini. Naweza kubadilisha kimyakimya. Naweka jibu lake la kweli, Corbin atashtukia filamu imeshaanza. Hakuna atakayejua chochote."

"Hapana."

"Trudy, ndiyo njia pekee!"

"Hapana nimesema! Unataka kunitengenezea udanganyifu kwa udanganyifu mwingine? Ulimwaibisha mchana kweupe mbele za watu. Utasimama mchana kweupe mbele za watu, useme kwa mdomo wako. Kesho saa tisa. Usiposimama, namba yangu uifute."

Akatoka. Kwenye gari alilia hadi kioo kikapata ukungu.

*

Alimkuta baba yake jikoni anamenya viazi. Alimkumbatia kwa nyuma, akaweka shavu mgongoni kwake.

"Baba, nimeiona picha yote. Nimesikia ya mama."

Kisu kikasimama.

"Nilitaka ubaki na kumbukumbu nzuri," mzee alisema.

"Ninazo nzuri tele. Nataka na hii, tuibebe wawili."

Walikaa mezani, viazi vikasahauliwa, wakamzungumza Hilda kama hawajamzungumza tangu wamzike. Walilia, kisha wakacheka walipokumbuka jinsi alivyokuwa akigawa pipi za mnanaa kanisani mumewe akipitiliza dakika ishirini za mahubiri, ili ajue watu wamechoka. Kisha baba akauliza:

"Na yule kijana?"

"Nimempa hadi kesho."

"Unampenda?"

"Baba, usiniulize hilo leo."

"Basi umeshanijibu."

Jioni, meseji zikaingia.

"Nimeongea na Corbin. Amekataa."

"Anasema nikifungua mdomo sina kazi, na atahakikisha sipati nyingine."

Trudy akaandika: "Na wewe umemwambiaje?"

Alisubiri. Alama ya kuandika ikatokea, ikapotea. Ikatokea, ikapotea. Jibu halikuja.

*

Jumamosi ukumbi ulifurika. Watu mia nne! Upande mmoja wanafunzi wa chuo na wale waliojitangaza hawaamini chochote, wamevaa fulana za filamu zenye neno *ushahidi* kifuani. Upande wa pili Shangazi Berdina, ameleta safu mbili nzima za kina mama wa kanisa, mikoba magotini, nyuso kavu.

"Mwanangu," alimnong'oneza Trudy, "akisimama, nitamsamehe nusu. Asiposimama, huu mkoba una uzito, na nina shabaha."

"Shangazi, tafadhali."

"Nasema tu. Nina shabaha."

Corbin Haas alipanda jukwaani, koti la kitani, tabasamu pana.

"Karibuni! Filamu hii inauliza jambo moja tu: ushahidi uko wapi? Kwa miaka elfu mbili tumeambiwa tuamini bila kuuliza. Leo tunauliza!"

Makofi upande mmoja. Kimya upande wa pili. Trudy alikuwa anatafuta kwa macho. Ansel alikaa mwisho wa safu ya kwanza, mikono kati ya magoti. Corbin alinyoosha mkono kwa msichana wa mitambo aanze. Taa zikaanza kufifia. Trudy akafumba macho. Basi. Hasimami. Yamekwisha.

"Msizime taa!"

Akafumbua. Ansel alikuwa amesimama, tena juu ya kiti.

"Naitwa Ansel Pruitt. Nimeihariri filamu hii mimi. Kabla hamjaitazama kuna jambo mnapaswa kujua."

"Ansel, shuka," Corbin alisema, bado anatabasamu kwa meno.

"Kile kipande mlichokiona mtandaoni, mchungaji anasema 'sijui,' ni cha uongo. Hakuulizwa swali lile. Aliulizwa jambo jingine kabisa, la familia yake, la msiba wake. Jibu la swali lile alilitoa, dakika nne nzima, nami nikalitupa. Nikabandika machozi yake pasipo pake."

Ukumbi ukalipuka. "Nini?" "Amesema nini?" Corbin akashika kipaza sauti.

"Mhariri wetu amechoka, jamani, wiki imekuwa ndefu. Ansel, huna kazi. Toka nje!"

"Najua sina kazi. Nikimaliza nitatoka."

"Mwache aseme!" ilipaa sauti ya mwanamke kutoka upande wa wanafunzi. Alikuwa msichana mwenye nywele fupi, fulana ya filamu kifuani. "Mimi siamini kitu chochote, na nitatoka hapa siamini! Lakini nimekuja kuona ushahidi. Kama nataka kudanganywa nitabaki nyumbani na televisheni! Hilo jibu liko wapi? Tuonyeshe!"

"Tuonyeshe! Tuonyeshe!"

Mia nne wakashika wimbo, waamini na wasioamini, viti vinapigwa. Shangazi Berdina naye alikuwa amesimama anapiga mkoba kama ngoma. "Tuonyeshe!"

Corbin aliinua mikono. "Filamu ni yangu! Nisipotaka haionyeshwi popote!"

Hapo Mchungaji Wiersma akainuka. Hakupaza sauti, lakini miaka arobaini ya mimbari haipotei bure, ukumbi ukanyamaza.

"Bwana Haas, sikuja kuzuia filamu yako. Nimeitazama juzi. Maswali yake ni mazuri, na mengine tungeyauliza wenyewe zamani kama tungekuwa na ujasiri. Ionyeshe yote. Naomba tu jibu langu liwe langu. Hata kama ni bovu."

Corbin akamtazama mzee, akatazama umati, akatazama lile neno *ushahidi* kwenye fulana mia mbili. Mwisho akatupa mkono hewani.

"Weka! Weka basi, tuone!"

Ansel alikuwa nalo kwenye simu yake. Msichana wa mitambo akaliunganisha, na mvua ya Oktoba ikaujaza ukumbi, inapiga paa kwa kishindo. Mchungaji akatokea mkubwa kwenye skrini, akajisogeza kitini.

"Ushahidi wa nje?" alisema. "Ni mdogo, na sitakudanganya kwamba ni mkubwa. Wanahistoria wachache wa kale wanamtaja mtu huyo na kuuawa kwake. Injili ziliandikwa miaka arobaini na zaidi baadaye, na majina yaliyo juu yake huenda yaliwekwa na wengine. Nawafundisha vijana hivyo hivyo, na mama mmoja aliwahi kunishitaki kwa wazee wa kanisa." Ukumbi ukacheka, na safari hii mzee wa kwenye skrini alikuwa anacheka pamoja nao. "Historia inaweza kukufikisha hapa: kuna watu walisema wamemwona baada ya kufa, na walikuwa tayari kuteseka kwa kusema hivyo. Haikufikishi mbali zaidi. Ukinidai hati yenye muhuri, sina. Kutoka hapo natembea kwa miguu yangu, na naweza kuwa nimekosea. Nimetembea hivyo maisha yangu yote. Jirani yangu akiishia pale historia inapoishia, simwiti mjinga. Namkaribisha kahawa."

Skrini ikawa nyeusi. Halafu yule msichana mwenye nywele fupi akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

Trudy hakusubiri. Alipita magoti ya watu, "samahani, samahani," akakimbia hadi nje. Ansel alikuwa anashuka ngazi, mabega chini, kama alivyoahidi kutoka.

"Ansel Pruitt!"

Akageuka.

"Jana mbona hukunijibu meseji?" Trudy alimfokea. "Nimekaa na simu hadi ikazima!"

"Nilikuwa naandika, nafuta. Kila neno lilionekana la kujitetea. Nikasema bora uone."

"Nimekaribia kufa mle ndani! Taa zinazima wewe umekaa tu!"

"Miguu ilikataa, Trudy. Nakuapia, nilikuwa naiambia isimame, inakataa."

"Ukapanda hadi kwenye kiti!"

"Ilipokubali ilikubali kupita kiasi."

Trudy alitaka kuendelea kufoka, kicheko kikamtoka. Alimpiga kifuani kwa ngumi, mara mbili, kisha akamshika kola na kumbusu palepale kwenye ngazi, wapita njia wakitazama.

"Sijakusamehe yote," alisema.

"Najua."

"Na kwa baba uende mwenyewe. Mimi sikusindikizi."

*

Alienda Jumapili baada ya ibada. Trudy alikuwa jikoni na shangazi, masikio yote mawili mlangoni.

"Mchungaji, nimekuja kuomba radhi. Nilikukosea wewe, na nilimkosea marehemu mkeo."

"Nimekusikia jana. Ulisimama juu ya kiti cha watu na viatu."

"Nitakuja kukifuta."

"Kaa. Nikuulize kitu, unijibu kweli. Unaamini?"

Shangazi akamminya Trudy mkono hadi akaumia.

"Hapana, Mchungaji," Ansel alisema. "Ningependa kukujibu vingine ili unipe binti yako. Lakini siamini, na sitakudanganya tena."

Mzee alishusha pumzi ndefu.

"Imeniuma. Lakini ungesema ndiyo, ningekutoa nje. Berdina! Acha kusikiliza mlangoni, leta supu."

"Sisikilizi, nilikuwa napita!" alijibu shangazi. Aliingia na bakuli, akaliweka mbele ya Ansel kwa kishindo. "Sahani moja. Ya pili utaifanyia kazi."

Kazi ilikuwepo. Wiki mbili baadaye Corbin alipiga simu mwenyewe: kila mji ulitaka filamu yenye jibu la mchungaji wa mvua, na hakuna aliyejua kuihariri ila yule aliyefukuzwa. Ansel alirudi kwa sharti moja, kwamba kila aliyehojiwa ataona kipande chake kabla hakijatoka. Kuhusu Hilda, alilifuta faili la kilio kile mbele ya Trudy na baba yake, wakitazama hadi likapotea.

Wazee wa kanisa walikuja kuuliza kama ni kweli binti wa mchungaji anaolewa na asiyeamini. Mzee akawajibu kwamba utaratibu wa kanisa anaujua, hatafungisha ndoa hiyo, na kwamba siku hiyo atakuwepo kama baba, na suti mpya.

Walifunga ndoa Juni, mbele ya hakimu. Hakimu alipoanza, "Je, wewe Trudy Wiersma unakubali..." Trudy akadakia, "Ndiyo!"

"Sijamaliza, binti."

"Endelea tu, jibu ni hilo hilo."

Chakula kililiwa bustanini kwa mchungaji, skonzi za nyama ya nguruwe zimepangwa na shangazi mithili ya mnara. Mama yake Ansel alikuja kwa basi kutoka Kentucky, peke yake, akamkumbatia mwanawe muda mrefu. Kabla ya kula, mzee akasimama mbele ya maharusi.

"Hapa kwetu baba wa bibi harusi huwaombea watoto. Ansel, wewe najua ulipo. Sitaki kukulazimisha. Niwaombee wote wawili, au nimwombee Trudy peke yake?"

Ansel akamtazama mkewe, kisha mzee.

"Tuombee wote, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Mzee akaweka mkono mmoja juu ya kichwa cha binti yake na mwingine juu ya kichwa cha mkwewe, akaomba kwa sauti iliyokuwa inakatika. Watu wote walifumba macho. Ansel hakufumba. Katikati ya sala Trudy alifumbua jicho moja kumchungulia, akamkuta anamtazama yeye, macho yamejaa maji.

"Amina," wakasema watu.

"Asante," akasema Ansel.